Dakika Tatu za Mtoro bin Mwinyi Bakari

Mwezi wa nne mwaka huu, wanachama wanne wa chama chetu tulisimama mbele ya majaji watatu katika maonyesho ya utafiti ya wanafunzi wa shahada ya kwanza hapa chuoni. Masharti yalikuwa yale yale kwa kila kundi: dakika tatu, slaidi moja, na hakuna kusoma karatasi. Ukivuka dakika tatu kengele inalia na unaondolewa kwenye mashindano. Kabla yetu alisimama kijana aliyechunguza nyuki. Baada yetu alifuata dada aliyepima maji ya mto unaopita mjini. Sisi tulikwenda na habari za mtu aliyezaliwa Bagamoyo, akafundisha Kiswahili Berlin, na akafa huko huko mwaka 1927.

Rasimu yetu ya kwanza ilichukua dakika kumi na moja. Tulikata, tukakata tena, mpaka tukabaki na maneno kama mia nne. Siku ile tulimaliza sekunde sita kabla ya kengele, na watu walipiga makofi. Lakini tulirudi mabwenini na kitu kooni. Tuliyoyakata yalikuwa mengi kuliko tuliyoyasema, na mengine hatukupaswa kuyakata hata kidogo. Makala haya tunayaandika kwa ajili ya hayo, na pia kueleza kosa tulilolifanya wenyewe tukiwa tunasimulia kosa la watu wa zamani.

Dakika tatu zilitoka wapi?

Tuanze na hizo dakika tatu, maana nazo zina historia yake.

Mtindo wa kueleza utafiti kwa dakika tatu ulianza Australia, katika Chuo Kikuu cha Queensland, mwaka 2008. Wakati ule jimbo la Queensland lilikuwa na ukame mkali, na watu walihimizwa kuoga kwa muda mfupi ili kuokoa maji. Wengi waliweka bafuni kipima muda cha dakika tatu, aina ile inayotumika kuchemsha mayai. Mkuu wa shule ya uzamili na uzamivu wa chuo hicho, Alan Lawson, alikiona kipima muda hicho akapata wazo: je, mwanafunzi wa uzamivu anaweza kueleza kazi yake yote kwa muda wa kuoga? Mashindano ya kwanza yalikuwa na washiriki 160. Leo yanafanyika katika mamia ya vyuo duniani, na vyuo vingi, pamoja na chetu, vimechukua masharti yake na kuwapa hata wanafunzi wa shahada ya kwanza. Waandaaji hupenda kusema kwamba tasnifu ya maneno 80,000 ingechukua saa tisa kuisoma kwa sauti.

Lile wazo kwamba mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaweza kufanya utafiti nalo lina safari ndefu. Hapa Marekani, chuo cha MIT kilianzisha mpango wa kuwaingiza wanafunzi hao katika utafiti wa maprofesa mwaka 1969, chini ya Margaret MacVicar. Mwaka 1987 ukafanyika mkutano wa kwanza wa kitaifa wa utafiti wa wanafunzi wa shahada ya kwanza, huko Asheville, North Carolina. Lakini ukiuliza mzizi wake uko wapi, watu wa historia ya elimu watakupeleka Berlin. Chuo kikuu kilichoanzishwa huko mwaka 1810, kwa fikra za Wilhelm von Humboldt, ndicho kilichokuja kujulikana kwa msimamo kwamba kufundisha na kuchunguza viende pamoja, na kwamba mwalimu na mwanafunzi wote wawili wako pale kwa ajili ya kutafuta elimu.

Tuliposoma hayo tulitazamana. Chuo hicho hicho cha Berlin ndicho alichofundisha mtu wetu. Wazo lililotufikisha mbele ya wale majaji lilikuwa limepita katika nyumba ambayo Mswahili mmoja aliingia na elimu yake, akaiandika, na kitabu kikatoka na jina la mtu mwingine.

Mtu wa Bagamoyo

Mwaka 1887 Ujerumani ilifungua Berlin chuo cha lugha za Mashariki, kikiwa sehemu ya chuo kikuu. Kazi yake ilikuwa kuwaandaa wakalimani, maafisa na wafanyabiashara. Ujerumani ilikuwa imeanza kushika pwani yetu, na mtu hawezi kutawala watu asiowaelewa wanasema nini. Kwa hiyo Kiswahili kilifundishwa tangu mwanzo. Kila somo lilikuwa na Mjerumani aliyefundisha sarufi, na pembeni yake mzawa wa lugha aliyefundisha matamshi, mazungumzo na kusoma maandishi ya mkono. Huyo mzawa aliitwa *Lektor*, yaani mwalimu wa lugha, cheo kilicho chini ya profesa.

Mmoja wa walimu hao wa mwanzo alikuwa Amur bin Nasur, mzaliwa wa Unguja mwenye asili ya Oman, aliyefundisha Berlin kuanzia 1891 mpaka 1895. Aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, na zikachapishwa mwaka 1894 katika mkusanyo wa Carl Büttner. Wenzetu wawili chamani ambao familia zao ziko Maskati walifurahi sana kusikia hivyo. Hawakuwa wamejua kwamba mtu wa asili yao aliandika habari zake kwa Kiswahili zaidi ya miaka mia moja iliyopita, tena Ulaya.

Mtoro bin Mwinyi Bakari alifika Berlin mwaka 1900. Alizaliwa karibu mwaka 1869 katika eneo la Bagamoyo, asili yake Uzaramo, na alisoma elimu ya dini kama vijana wengi wa pwani wa wakati wake. Bagamoyo ya utoto wake ilikuwa mji wenye shughuli nyingi. Misafara ilitoka bara na pembe za ndovu, wapagazi walijaa mjini wakisubiri kurudi kwao, majahazi yalivuka kwenda Unguja, na wageni wa kila namna walikutana sokoni. Kijana aliyekulia pale hakuhitaji kusafiri ili kuona watu wa mila mbalimbali. Walipita mlangoni kwake.

Aliyehusika na kazi yake ya uandishi alikuwa Carl Velten, Mjerumani aliyewahi kuwa mkalimani wa serikali ya kikoloni katika Afrika Mashariki kabla ya kufundisha Berlin. Velten aliwaomba Waswahili waandike. Mwaka 1901 alitoa kitabu cha safari, *Safari za Wasuaheli*, kwa tahajia ya wakati ule. Ndani yake Selemani bin Mwenye Chande anasimulia safari yake ya bara, na Salim bin Abakari anasimulia namna alivyofika Urusi na Siberia pamoja na bwana wake Mjerumani. Mtoro naye yumo, na safari yake ya Udoe na Uzigua. Tunaomba msomaji atulie hapo kidogo: kabla ya karne ya ishirini kuanza, Mswahili alikuwa ameshaiona theluji ya Siberia na kuieleza kwa Kiswahili, akitafuta maneno ya vitu ambavyo lugha yake haikuwahi kuviona.

Jina juu ya jalada

Mwaka 1903 kikatoka kitabu kikubwa zaidi, *Desturi za Wasuaheli*, kilichochapishwa Göttingen. Tafsiri yake ya Kijerumani ilitoka mwaka huo huo. Ni kitabu kinachomfuata mtu wa pwani toka kuzaliwa hadi kuzikwa. Kinaeleza mtoto anavyopokewa, anavyopelekwa chuoni kusoma Kurani, jando na unyago, michezo na ngoma, posa na harusi, talaka, kilimo, uvuvi na biashara, pepo na uganga, majumbe na vyeo vyao, utumwa na sheria zake, ugonjwa na maziko. Hakuna kitabu kingine cha wakati ule kinachoyaeleza mambo hayo kwa mapana namna hiyo kwa Kiswahili cha watu wenyewe.

Kiswahili chake ndicho kilichotushika kwanza. Sisi tumejifunza lugha hii kwa vipande: nyingine jikoni kwa mama, nyingine kwenye simu na ndugu, nyingine darasani kwa walimu wetu. Tulitegemea kuona lugha ngumu ya kale. Badala yake tulikuta sentensi fupi, wazi, zinazoonekana kama mtu amekaa barazani anakueleza jambo na kukutazama kama umeelewa. Mmoja wetu ambaye wazazi wake wanatoka Bukavu, na ambaye siku zote huambiwa kwamba Kiswahili chake "si cha pwani", alisoma kurasa kumi bila kuuliza neno.

Kitabu hicho kilitoka kwa jina la Velten. Mtoro ndiye mwandishi mkuu, na wanahistoria wanakubaliana juu ya hilo, lakini aliyekwenda dukani au maktaba mwaka 1903 aliona Velten amekikusanya. Miaka 78 ilipita. Mwaka 1981 ikatoka tafsiri ya Kiingereza iliyotayarishwa na J.W.T. Allen, na safari hii jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari likawekwa kwenye kichwa cha kitabu, likifuatiwa na maneno yenye maana ya "na Waswahili wengine".

Hao Waswahili wengine ndio waliotunyima usingizi. Mtoro hakuyajua mambo yote ya kitabu kile kwa nafsi yake. Habari za unyago, kwa mfano, ni za wanawake. Mwanamume hakai ndani ya unyago. Lazima kulikuwa na mtu aliyemweleza, au mtu aliyemweleza aliyemweleza. Mtoro alipata jina lake baada ya miaka 78. Wao bado ni "wengine".

Mwalimu anakuwa msaidizi

Maisha ya Mtoro baada ya kitabu ndiyo tuliyoyapa sekunde arobaini tu siku ya maonyesho.

Mwaka huo huo wa 1903 aliacha kufundisha Berlin. Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, Mjerumani mfanyakazi wa kiwandani. Ndoa yao ilikuwa halali kwa sheria za Ujerumani. Mwaka 1905 wakasafiri kwa meli kwenda Afrika Mashariki, mume akirudi kwao na mke akienda ukweni. Walipofika pwani, serikali ya kikoloni haikuwaruhusu washuke waishi kama mke na mume. Mwanamke Mzungu mwenye mume Mwafrika, akitembea naye katika mitaa ya mji wa koloni, alikuwa jambo ambalo serikali ile haikutaka watu walione. Mwaka ule ule vita vya Maji Maji vilianza kusini. Mwaka uliofuata, 1906, ndoa za namna hiyo zilipigwa marufuku rasmi katika koloni. Mtoro na Bertha walirudishwa Ujerumani.

Tulijaribu kufikiria meli imetia nanga, na mtu ameketi juu yake anaiona nchi yake. Anajua harufu ya upepo ule. Anajua nani anauza nini sokoni saa ile. Ameandika kitabu kizima juu ya watu wale, na maafisa wanaojifunza Kiswahili wanakisoma kitabu hicho ili waje kuwatawala. Yeye mwenyewe hashuki na mkewe. Wengi wetu tuna wazazi waliowahi kukaa kwenye benchi la uwanja wa ndege wakisubiri afisa aamue. Hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Kuanzia 1909 mpaka 1913 Mtoro alifanya kazi Hamburg, kwenye taasisi ya kikoloni iliyoanzishwa mwaka 1908, chini ya Carl Meinhof, mtaalamu maarufu wa lugha za Kibantu. Huko hakuitwa tena *Lektor*. Cheo chake kilikuwa msaidizi wa lugha. Hili tulilijadili sana kundini. Elimu yake haikuwa imepungua baina ya Berlin na Hamburg. Alikuwa na umri mkubwa zaidi, Kijerumani kizuri zaidi, na kitabu. Kilichobadilika ni jina la kazi, na jina hilo lilieleza namna watu walivyoamua kumwona: sauti ya kupimwa, kinywa cha kutamka, mtu wa kuulizwa maswali na mwingine aandike majibu.

Baadaye alirudi Berlin, akaishi kwa kutoa mihadhara juu ya Afrika Mashariki mbele ya hadhira za Wajerumani. Hapo ndipo tuliposhtuka, maana tulijiona. Mtu anasimama mbele ya wageni, ana muda mchache, na anatakiwa kuwaelezea kwao kote. Anajua watacheka nini, watashangaa nini, na nini hawatakielewa hata kama angekaa usiku kucha. Hatuna hotuba zake, lakini kila mmoja wetu aliyewahi kuombwa darasani "utueleze kidogo utamaduni wenu" anaijua hali ile.

Hakuwa wa mwisho. Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 na kuingizwa jeshini akiwa mtoto wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, alikwenda Ujerumani mwaka 1929. Alidai mishahara ya jeshi ambayo yeye na baba yake hawakulipwa, akakataliwa. Alifanya kazi ya kuhudumia mezani, akaigiza katika filamu, na akafundisha Kiswahili chuo kikuu Berlin. Mwaka 1941, chini ya utawala wa Wanazi, alikamatwa, na tarehe 24 Novemba 1944 alifariki katika kambi ya Sachsenhausen. Tangu 2007 kuna jiwe dogo la kumbukumbu lenye jina lake, limewekwa chini kwenye njia ya waenda kwa miguu Berlin. Habari zake zilikuwa kwenye rasimu yetu mpaka usiku wa mwisho. Tulizikata ili kupata sekunde kumi na nane.

Namna tulivyokata

Tueleze namna ukataji ulivyokwenda, kwa faida ya wanachama watakaoshiriki mwakani.

Kwanza zilikwenda tarehe. Halafu majina ya Wajerumani, isipokuwa Velten. Halafu salamu: tulikuwa tumepanga kuanza kwa "Hamjambo", tukaambiwa inakula muda. Mmoja akapendekeza tuseme "Mtoro" peke yake, kwa sababu jina kamili linachukua karibu sekunde mbili na tulikuwa tunalitaja mara tano. Hapo tukagombana. Mwenzetu wa Mombasa alisema kwamba jina la mtu wa pwani si pambo. "Bin Mwinyi Bakari" linakueleza katoka kwa nani, na ukilikata umemfanya mtoto asiye na baba. Tukakubaliana jina kamili lisemwe mara ya kwanza na mara ya mwisho.

Pili, tulijifunza kwamba dakika tatu hazibebi hoja mbili. Tulitaka kueleza kitabu, ndoa, meli, Hamburg na Husen. Mwalimu wetu alitusikiliza mara moja akauliza: "Jaji akikumbuka jambo moja tu akiwa anakula chakula cha usiku, mnataka liwe lipi?" Tukachagua jalada la kitabu: nani aliandika, na jina la nani liliandikwa. Slaidi yetu ikawa na mistari miwili tu, 1903 na jina lililokuwepo, 1981 na jina lililofuata.

Tatu, tulifanya mazoezi kwa watu wasiojua chochote. Tulisimama kwenye ukumbi wa bweni tukawashika waliokuwa wanapita kwenda kufua nguo. Na mwenzetu ambaye bibi yake yuko Tanga alimpigia simu ya video, akamtafsiria hotuba yote kwa Kiswahili. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, mbona unakimbia? Nani anakufukuza?"

Huyu bibi ndiye anayetupeleka kwenye kosa letu.

Kilemba

Tulipofika kwenye habari za ndoa katika kitabu tulikwama. Kulikuwa na orodha ya vitu anavyotoa mwoaji, na kamusi ilitupa maana zisizoungana. Mkaja, kamusi ilisema, ni nguo. Ubeleko, nguo. Kilemba, nguo ya kichwani. Kwa nini mtu atoe nguo nyingi hivyo? Tukampigia bibi wa Tanga. Alicheka sana, kisha akatueleza kwa karibu saa nzima. Mkaja ni kile kitambaa anachofungwa mwanamke tumboni baada ya kujifungua. Ubeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Mwoaji anapompa mama wa bibi harusi mkaja na ubeleko, anamwambia kwamba anajua tumbo lililomzaa huyu na mgongo uliombeba. Kilemba ni cha baba. Na kilemba, akaongeza, hupewa pia fundi au mwalimu, na yule aliyemfunza kazi, siku anapohitimu.

Maelezo yale yaliibadilisha kazi yetu yote. Bila yeye tungekuwa na orodha ya vitambaa. Tulimpigia tena mara nne au tano baadaye, kuhusu ngoma, kuhusu majina ya pepo, kuhusu adabu za kuamkia wakubwa. Kisha tukajaza fomu ya maonyesho. Fomu iliuliza majina ya wanafunzi: tukaandika manne. Jina la mwalimu msimamizi: tukaandika. Hakukuwa na nafasi nyingine, na hatukuwaza kwamba ilihitajika.

Siku yenyewe, baada ya hotuba yetu, jaji mmoja, mtaalamu wa baiolojia kama tulivyosikia baadaye, aliuliza swali moja tu. Alisema ameelewa kwamba Mtoro alifanya kazi na jina likawa la mwingine. "Na katika kazi yenu ninyi," akauliza, "nani aliwaeleza maana ya hayo maneno?" Mjukuu wa Tanga alijibu, "Bibi yangu." Jaji akatazama bango letu, akasoma majina, akaandika kitu kwenye karatasi yake. Hakusema zaidi.

Hatukushinda. Alishinda yule wa nyuki, na alistahili. Lakini njia nzima ya kurudi bwenini hatukuzungumza. Tulikuwa tumesimama dakika tatu tukimhukumu Velten kwa jambo ambalo sisi wenyewe tulilifanya wiki mbili kabla, kwenye fomu, bila hata kupewa mshahara wa ukoloni. Mmoja wetu alijitetea kwamba si sawa: Velten alikuwa na cheo na dola nyuma yake, sisi tuna deni la ada. Ni kweli, na hatutaki kuyasawazisha mambo yasiyolingana. Lakini bibi ni "Waswahili wengine" wa kazi yetu, na hilo halikufanywa na Mjerumani.

Jioni ile mjukuu alimpigia. Alimwamkia, akamweleza yote, akaomba radhi kwa niaba yetu sote. Bibi alinyamaza kidogo. Halafu akasema, "Mimi sitaki sifa. Msinivike kilemba cha ukoka. Lakini kama mnaandika nani kasema, basi andikeni nani kasema." Tukamuuliza aandikweje. Akataja jina lake, la baba yake na la babu yake, polepole, herufi kwa herufi, tuandike.

Bango lililoko sasa kwenye ukuta wa idara lina majina matano ya watafiti, na la tano ni lake, kamili. Hapa jaridani halipo kwa sababu tulimuuliza pia, akakataa: gazeti linafika kwa watu, na watu wa mji wana maneno. Tumemheshimu. Nalo hilo lilitufunza jambo, kwamba kumtaja mtu kunaanza kwa kumuuliza.

Tumeomba waandaaji wa maonyesho waongeze mstari mmoja kwenye fomu ya mwakani, wa walioshiriki kwa maelezo na kumbukumbu zao. Wamesema watalifikiria. Chama chetu hakikuhitaji kusubiri. Kuanzia toleo hili, kila makala ya utafiti itakayotoka jaridani itataja, kwa ruhusa yao, waliotueleza maneno, waliotufungulia masanduku ya picha, na waliokaa kwenye simu usiku wa kwao ili sisi tumalize kazi mchana wa kwetu. Wahadhiri wetu wamekubali, na mmoja wao ameshatuletea jina la mtu aliyemfunza methali zote anazotufundisha sisi.

Na kilemba? Mjukuu anasafiri kwenda Tanga likizo ya mwezi wa saba. Tumechangishana. Tumenunua doti ya kanga nzuri na kitambaa cheupe cha kichwani. Tulimuuliza bibi kama kilemba kinafaa kwa mwanamke. Akasema kikifika atajua mwenyewe la kukifanyia.